Ramadhani imefika nusu na moyo umepoa: jibu langu kwa dada wa Malindi

Asalaam aleykum warahmatullah. Mdogo wangu wa Malindi, swali lako nimelisoma usiku baada ya taraweh na sikutaka kukujibu mbiombio kwa sababu nimelijua lile unalosema, nimelipitia na bado nalipitia karibu kila mwaka. Umesema kumi la kwanza, zile siku kumi za mwanzo, ulikuwa ukiamka hata kabla mpiga daku hajafika mtaani kwenu, juzuu moja kwa siku, katika zile thelathini za Kurani, ilikuwa si kitu kwako, sasa mwezi umefika nusu msahafu umekwama juzuu ya saba, taraweh, swala za usiku wa ramadhani, unaswali rakaa nane unatoka, ukinyanyua mikono kuomba maneno yanakauka, na umeuliza kama imani ndo imeshaondoka. Na pale chini ukauliza khitma, yaani kuisoma Kurani nzima mpaka mwisho, uianze upya au uendelee. Nimeona wengi wamekwambia jitahidi tu, mche Mungu, na ni kweli wamesema maneno mazuri lakini mtu aliyechoka ukimwambia jitahidi hujampa pa kushika. Mimi ni mama wa nyumba hapa Langoni, Lamu, nyumba yangu ina watu wengi, mchana wote niko na watoto na alasiri niko jikoni, kwa hivyo nitakwambia ya mtu mwenye maisha kama hayo, si ya sheikh.

La kwanza, imani haijaondoka. Iko hadithi ya Abdullah bin Amr, ameipokea imam Ahmad na Ibn Hibban, Mtume swalallahu aleyhi wasalam asema kila amali ina wakati wa hamasa, na kila hamasa ina wakati wa kupoa, na ambaye kupoa kwake kutakuwa kwenye sunna yangu basi huyo ameongoka. Hebu isome tena polepole. Kupoa kumetajwa kama jambo linalokuja kwa kila mtu. Kinachoangaliwa ni ukipoa unapoa ukiwa wapi, umepoa ukiwa bado umeshika swala zako tano kwa wakati wake na ulimi wako umeuzuia, au umepoa ukaangukia kwenye simu na kusengenya watu. Wewe umesema mwenyewe swala zako zote unaswali na saumu hujaiharibu. Basi uko pahali pazuri kuliko unavyofikiria, na wallahi hili nalisema si kukufariji tu, ndivyo ilivyo.

Sasa mimi ninachotaka kukwambia ni kimoja hasa, na mengine yote yanazunguka hapo. Usihangaike kuurudisha ule moto wa siku za kwanza. Ule haurudi kwa kulazimisha, na mtu akiukimbiza sana hupata simanzi akaacha na kile kidogo alichokuwa nacho. Kumi hili la kati kazi yake ni kukufikisha kumi la mwisho ukiwa mzima, mwili mzima na moyo mzima, kwa sababu huko mbele ndiko kuna usiku wa Lailatul Qadri ulio bora kuliko miezi elfu. Kwa hivyo shika kitu kidogo ambacho utakifanya kila siku bila kukosa. Bukhari na Muslim wote wamepokea kwamba amali inayopendwa zaidi na Allah ni ile ya kudumu hata ikiwa kidogo. Marehemu nyanya yangu alikuwa na neno lake, akituona tumeanza ramadhani kwa vishindo alikuwa akisema, "Shika moya mwanangu, na usiiwate," yaani shika moja na usiiache. Basi.

Na sisi watu wa pwani tumepewa kitu cha kushika hasa kwenye nusu hii, ila tumekizoea mpaka hatukioni. Sisi ni watu wa madhehebu ya Shafi, na kwa Shafi witri ya ramadhani, swala ya kufungia usiku baada ya taraweh, kuanzia usiku wa kumi na sita inatiwa qunuti, dua inayosomwa umesimama. Nusu ya kwanza yote haina, nusu ya pili ikiingia imamu akinyanyuka kutoka rukuu ya rakaa ya mwisho anasimama ananyanyua mikono, Allahumma hdini fiman hadeit. Hapa Lamu misikiti imekaribiana sana, usiku ule unaweza kuwa uko darini unasikia spika ya msikiti huu iko kwenye fiman afeit na wa kule nyuma ndo kwanza unaanza, na amiin za watu zinapishana. Watoto wangu wadogo usiku huo hushtuka, wameshazoea baada ya rukuu ni sijda, wanajikuta wao wako chini na sisi tumesimama, halafu wanasimama tena wananyanyua mikono na wao.

Hili jambo lina asili yake. Sayyidna Umar alipowakusanya watu waswali taraweh nyuma ya imamu mmoja alimweka Ubayy bin Kaab, na katika Sunan Abi Daud imepokewa kwamba Ubayy alikuwa hasomi qunuti mpaka ifike ile nusu ya mwisho. Yaani hata watu wa zama zile, nusu ilipofika waliongezewa dua, waliambiwa simameni kidogo zaidi hapa muombe. Na maneno yenyewe ya qunuti Mtume alimfundisha mjukuu wake Hassan bin Ali ayasome kwenye witri, na Hassan wanahistoria wengi wanataja alizaliwa nusu ya ramadhani mwaka wa 3 wa hijra. Mimi nikikumbuka hayo napata raha sana, kwamba mtoto aliyezaliwa katikati ya mwezi huu ndiye aliyefundishwa dua ambayo sisi tunaianza katikati ya mwezi huu.

Kwa hivyo wewe uliyechoka anza na hiyo. Qunuti unaijua, si ndo ile ile unayosoma kila alfajiri? Ukiona rakaa ishirini hazikwendi, swali hizo nane zako, hakuna anayekulazimisha, taraweh ni sunna, lakini usitoke bila witri, na witri yako isiwe ya kukimbia. Ukifika kwenye qunuti simama. Hiyo hdini, niongoze, itie ile shida yako yenyewe, moyo wangu umekauka ya Rabbi niongoze pamoja na uliowaongoza. Machozi yasipokuja wacha yasije, hukuamrishwa kulia, umeamrishwa kuomba. Na unakumbuka kwenye Suratul Baqara aya za saumu zinakwenda, 183, 184, 185, halafu ghafla katikati yake inaingia 186, na waja wangu wakikuuliza kuhusu mimi basi mimi niko karibu, naitikia maombi ya muombaji anaponiomba, halafu aya ya 187 inarudi tena kwenye mambo ya usiku wa saumu. Dua imewekwa katikati ya saumu kabisa. Mimi sijaona aya inayomfaa mtu wa kumi la kati kuliko hiyo, na ukitaka aya moja tu ya kukaa nayo wiki hii kaa na hiyo.

Haya tuje kwenye mwili maanake watu wanasema imani imani na kumbe mtu hajalala. Ramadhani za miaka hii zinaangukia kwenye kaskazi, joto la Februari na Machi unalijua, hewa imesimama, usiku feni ikizima kwa stima kupotea hakuna anayelala. Saumu yetu ni saa kumi na tatu na kitu mwaka mzima kwa sababu tuko karibu na ikweta, hatuna zile siku ndefu za wenzetu wa Ulaya alhamdulillahi, lakini joto lake linakamua mtu. Sasa hesabu usiku wako. Taraweh inakwisha saa tatu na zaidi, daku tuseme unaamka saa tisa na nusu au saa kumi. Ukilala saa nne unapata saa tano na nusu hivi. Lakini umeandika kwamba ukitoka taraweh unakaa kidogo na simu. Hicho kidogo mdogo wangu ndicho kinachokula juzuu yako. Mpaka saa sita unatazama status za watu na vipande vya mawaidha, hata mawaidha, halafu unaamka daku kichwa kizito, alfajiri unaswali umefumba macho, baada ya hapo unalala mpaka jua liko juu, na alasiri unajiona huna ladha ya ibada unadhani umelaaniwa. Hujalaaniwa, umechoka.

Na kulala si aibu kwenye dini. Tarehe 17 ramadhani mwaka wa 2 wa hijra ndo vita vya Badri, masahaba mia tatu na kumi na kitu mbele ya watu kama elfu moja, na mwaka huo huo ndo saumu ya ramadhani ilikuwa imefaradhishwa kwa mara ya kwanza. Yaani hawa watu ramadhani yao ya kwanza kabisa, katikati yake, walikuwa wako Badri. Na Allah anataja kwenye Suratul Anfal aya ya 11 kwamba aliwafunika kwa usingizi uwe ni utulivu kutoka kwake, na akawateremshia maji kutoka mbinguni awasafishe na awatie nguvu nyoyo zao. Usingizi na maji, kabla ya jambo zito. Mimi aya hii imenifanya niheshimu sana usingizi wa ramadhani. Kwangu saa nne simu zote zinawekwa kwenye kabati la sebuleni, yangu na za watoto wakubwa, zinachajiwa huko, na mchana baada ya adhuhuri ni kailula, usingizi mfupi wa mchana, nusu saa au hata robo, nyumba nzima kimya. Mwanzo kabisa vijana walinuna, sasa wao ndo wanauliza mbona hatujalala.

Na futari pia. Sisi watu wa pwani futari yetu ni tamu mno na ni nzito mno, nalisema kwa mapenzi. Muhogo wa nazi, mbaazi, mahamri, kaimati zimelowa shira, tambi, sambusa, halafu baada ya hapo eti wali. Mtu akishavila vyote hivyo kwa pamoja ataswali ishirini vipi? Hapo hata nane ni jihadi. Kwetu tumerudi kwenye tende na maji na uji wa pilipili manga, tunaswali magharibi, kisha tunakula kitu kimoja au viwili na wali umehamia daku. Kaimati ziko, ila si kila siku. Toka tufanye hivyo taraweh zimekuwa nyepesi na mimi mwenyewe jikoni nimepungukiwa kazi.

Jikoni ndo nataka nikae kidogo maana umesema kwa wakwezo wewe ndo unapika, na unahisi wenzako wanasoma Kurani na wewe unakuna nazi. Hili linawaumiza wanawake wengi na halisemwi. Skiza, hadithi ya Tirmidhi, mwenye kumfuturisha aliyefunga anapata ujira mfano wake bila kupungua ujira wa aliyefunga kitu. Wewe jikoni unafuturisha watu wangapi kila siku? Lakini ujira unataka nia, na nia ndo inayopotea siku za kati kwa sababu kupika kumekuwa mazoea. Kwa hivyo mimi nimefunga vitu pamoja. Nikikaa kwenye mbuzi kukuna nazi ni kumswalia Mtume, nazi mbili zikimalizika na ulimi umefanya kazi yake. Nikikamua tui la kwanza na la pili ni istighfari, kuomba maghufira. Simu iko kwenye rafu pale juu ya ndoo za unga, sauti ya msomaji iko kwenye ile juzuu ambayo nitaisoma usiku, kwa hivyo nikija kuifungua kwenye msahafu nishaisikia mara moja na inateleza. Kuonja chumvi kwa ncha ya ulimi ukatema hakuvunji saumu yako ikiwa kuna haja, usikae na wasiwasi wa hilo, wasiwasi nao unamaliza nguvu. Na robo saa kabla ya adhana kila kitu kilichobaki nakiacha kama kilivyo, hata sambusa hazijakaangwa zitakaangwa baada ya swala, nakaa kwenye mkeka naomba dua, kwa sababu dua ya aliyefunga mpaka afuturu imetajwa kwamba hairudishwi, na wanawake ndo tunaoikosa sana kwa kuwa tuko kwenye mafuta. Waambie wakwezo kwa adabu, mama naomba dakika kumi nikae nanyi tuombe pamoja. Wengi hawakatai, wanakuwa tu hawajaambiwa.

Halafu sahani ya jirani. Hapa kwetu bado iko, kabla ya magharibi watoto wanapishana vichochoroni na sahani zimefunikwa kawa, huyu anapeleka muhogo anarudishiwa viazi vya nazi. Moyo ukiwa mkavu mimi huchagua mtu mmoja anayekaa peke yake, mzee au mgeni aliyekuja kwa kazi hana mtu, nampelekea kila siku mpaka mwezi unakwisha, na nampelekea kile kile tunachokula sisi. Kuna bibi mmoja nyuma yetu macho yake hayaoni vizuri, mwanangu wa kike ndo anampelekea, na siku ya kwanza alirudi akaniambia mama bibi amenishika kichwa akaniombea mpaka nimechelewa. Tangu hapo mtoto mwenyewe ndo anakumbusha sahani ya bibi iko wapi. Ukiwa na dua kama hizo zinaombwa nyumba ya pili wewe ambaye dua zimekukauka, hiyo ni rizki.

Jambo jingine ambalo watu hawaliunganishi na imani ni Idd. Angalia njia kuu hapa Lamu kumi la mwisho, na najua huko Malindi ni zaidi. Maduka yako wazi mpaka usiku, mafundi wa cherehani wamezidiwa, mama na watoto watatu anazunguka kutafuta viatu usiku wa ishirini na saba. Usiku wa ishirini na saba! Na Bi Aisha radhiallahu anha anatuambia kumi la mwisho likiingia Mtume alikuwa akikaza shuka yake, akiuhuisha usiku na akiwaamsha watu wake. Sasa wewe siku hizi za kati ambazo unaona huna ladha, zifanyie kazi hizo za mikono na miguu. Nguo za watoto zipelekwe kwa fundi wiki hii, viatu vinunuliwe wiki hii, vitu vya pilau na vya biskuti za Idd viingie ndani wiki hii, nyumba ioshwe wiki hii. Hata zakatul fitri, ile zaka ya chakula ya Idd, kwa madhehebu yetu inajuzu kuitoa toka mwanzo wa ramadhani, ingawa bora ni asubuhi ya Idd kabla ya swala, kwa hivyo hata mchele wake uandae sasa. Kazi hizi zinakubali mtu aliyechoka. Ukiingia usiku wa ishirini na moja huna deni la soko utaona tofauti, utaona kama mtu amekufungulia dirisha.

Na ikiwa hedhi itakuja katikati ya haya, au ikakukuta kumi la mwisho, usijifungie chumbani kwa huzuni kama wengi wanavyofanya. Saumu na swala zimesimama kwa amri ya yule yule aliyeziamrisha. Dhikri iko, dua iko, kumswalia Mtume kuko, kusikiliza Kurani kuko, kufuturisha kuko. Na ile dua ambayo Bi Aisha aliuliza aseme nini akiujua usiku wa Lailatul Qadri, akafundishwa aseme Allahumma innaka afuwwun tuhibbul afwa fa'fu anni, haikuwekewa sharti la tohara. Iandike ubandike jikoni.

Mmoja kati ya waliokujibu amesema kumi hili ni la maghufira kwa hivyo ukilikosa umeangamia. Hapana jamani tusitishane. Ile hadithi ya kugawa mwezi mafungu matatu, rehema, maghufira na kuachwa huru na moto, maulamaa wengi wa hadithi wameidhoofisha, na hata anayeitumia kuhimiza watu haisemi kwamba mlango wa rehema umefungwa siku ya kumi. Rehema na maghufira ziko mwezi mzima na nje ya mwezi pia.

Sasa khitma yako. Usiianze upya, endelea pale pale juzuu ya saba. Kuanza upya kunapendeza siku mbili halafu utakwama juzuu ya pili na simanzi juu yake. Msahafu wa Madina una kurasa 604, juzuu ni kama kurasa ishirini, waliokuwa wakikwambia soma kurasa nne kila baada ya swala hesabu yao ni hiyo, lakini hiyo ni ya mtu aliyeanza siku ya kwanza na hakukwama. Wewe ukitaka uzimalize zote ndani ya siku zilizobaki utasoma karibu juzuu moja na nusu kila siku, na kwa hali uliyoielezea sikushauri. Chukua kurasa mbili baada ya kila swala, hizo ni kumi kwa siku, nusu juzuu. Zisome kwa utulivu, aya moja kwa siku utafute maana yake kwenye tafsiri ya Kiswahili. Kumi la mwisho likiingia na ukajiona una nguvu utaongeza mwenyewe bila kuambiwa. Na ikiwa Idd itakukuta uko juzuu ya kumi na tano au kumi na sita, endelea Mfungo Mosi na Mfungo Pili, miezi inayofuata ramadhani, mpaka umalize, khitma haikupangiwa iishe na mwezi mwandamo. Kurasa mbili za kwanza zisome leo baada ya alasiri kabla hujaingia jikoni, na usiku kwenye qunuti unitie na mimi na watoto wangu kwenye dua yako, na mimi nitakutia kwenye yangu.